Kuanguka Kazini: Adhabu ya Kisheria na Kumbukumbu za Tiba

Fundi aangukapo kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, daktari hutibu jeraha. Sheria huuliza chanzo. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kuarifu kifo cha kazini ndani ya saa 24. Akikiuka sheria hiyo na mtu akafa au kuumia kwa sababu hiyo, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000 au kufungwa hadi miezi 12. Fidia ya majeruhi hudaiwa kando.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya aandike kimo alikoanguka mgonjwa, mahali, saa, na iwapo alifunga mkanda wa usalama. Neno “ameanguka” pekee halitoshi. Mgonjwa naye asifiche kuwa aliumia kazini.