Somo la Ufundi: Kutoka Lori Kuukuu hadi Samani na Mapambo ya Ukutani

Nyuma ya gereji nyingi za miji midogo ya Tanzania hukutwa lori lililokwisha kazi. Matairi yameondolewa, injini imeuzwa, na nyasi zimeota katikati ya chasisi. Pengine ni Bedford yenye boneti iliyochomoza mbele, pengine ni Leyland, pengine ni Scania iliyounganishwa Kibaha. Mara nyingi mwenye mali huliuza kwa kilo, likakatwakatwa na kupelekwa kuyeyushwa. Somo hili linaeleza njia nyingine: vipande vya lori hilo kugeuzwa meza, viti, rafu na mapambo ya ukutani. Limekusudiwa vikundi vya vijana na mafundi wa kuchomelea ambao tayari wanajua kushika grenda, lakini hawajazoea kuifikiria gari nzima kama ghala la malighafi.

Thamani ya chuma chenye historia

Malori ya zamani yaliundwa kwa chuma kinene, kwa hiyo hata baada ya miaka mingi ya jua na mvua sehemu zake nyingi huwa bado imara chini ya kutu. Zaidi ya hapo, yana kumbukumbu. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru kinyume cha sheria tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia mpya ya kuingiza mafuta na kusafirisha shaba, na malori yakaijaza barabara ya Dar es Salaam kabla ya reli ya TAZARA kuanza kazi. Wazee wa vijiji vya kando ya barabara hiyo wanaweza kulitambua lori la enzi zile kwa shoo yake ya mbele tu. Mnunuzi wa meza iliyotokana na gari kama hilo hununua pia habari zake.

Mfano wa thamani ya aina hii unapatikana kwa majirani. Nchini Msumbiji, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kukusanya silaha na kuwapa wananchi zana za kazi badala yake. Silaha zilizoharibiwa zilipewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester, aliunda kiti cha enzi kutokana na vipande vya bunduki mwaka 2001, na kiti hicho kimo katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Nchini Kenya, Kioko Mwitiki alijipatia jina kwa kuunda tembo na wanyama wengine kutokana na vyuma chakavu. Katika kazi hizo zote, mtazamaji bado anaitambua asili ya kila kipande. Fundi anayeficha asili hiyo kwa rangi nzito hupoteza kile hasa ambacho mnunuzi alikuwa tayari kukilipia.

Vipande vya kukataliwa

Kabla ya grenda kuwashwa, lori hukaguliwa na vipande vyake hutenganishwa. Hatua hii ndiyo inayoamua kama fundi atarudi nyumbani salama jioni.

Tangi la mafuta halikatwi wala halichomelewi. Tangi lililokaa tupu kwa miaka huweza kuwa bado na mvuke wa mafuta, na cheche moja hutosha kulilipua. Kulisuuza kwa maji na sabuni hakuondoi hatari hiyo kwa uhakika, kwa hiyo kikundi kisicho na utaalamu wa kusafisha matangi kiliache kabisa.

Busta za breki za upepo zilizo kwenye magurudumu ya nyuma zina springi yenye nguvu nyingi iliyobanwa ndani. Mtu akifungua kifuniko chake bila ujuzi, springi huruka na inaweza kuua. Shokapu nazo huweza kuwa na mafuta na gesi iliyoshindiliwa, na hupasuka zikipashwa moto.

Rimu yenye tairi haipashwi moto kamwe, kwa maana joto huongeza msukumo wa hewa ndani ya tairi hadi lipasuke. Upepo hutolewa wote kwa kung'oa sindano ya valvu, kisha tairi huvuliwa. Rimu za zamani zenye pete ya kufungia ni hatari zaidi, kwa sababu pete hiyo ikifyatuka huenda kama risasi ya bunduki. Zivuliwe na fundi matairi mwenye uzoefu nazo.

Bitana za breki, yaani tabaka zinazosagika kila breki inapokanyagwa, katika magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likivutwa huleta magonjwa ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Vumbi hilo halipulizwi kwa upepo wala halifagiliwi likiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, kisha hufutwa kwa kitambaa ambacho hufungwa kwenye mfuko na kutupwa. Betri na rejeta za shaba zina madini ya risasi, hivyo hazifai kukatwa wala kupashwa moto uani kwenye watoto.

Vipande vya kazi na tabia zake

Baada ya mchujo huo hubaki vipande vinavyofaa, na kila kimoja hudai kushughulikiwa kwa namna yake.

Rimu, bampa na chasisi kwa kawaida ni chuma laini, ambacho hukatika na kuchomelewa vizuri kwa mashine ya kawaida. Mwanafunzi aanze na hivi.

Dramu za breki ni chuma cha kalibu. Zina uzito mkubwa, hivyo hufaa kuwa kitako cha taa ya kusimama au cha meza ndefu. Lakini chuma cha kalibu kikichomelewa kikiwa baridi hupasuka pembeni mwa mshono. Njia salama ni kutoboa matundu na kufunga kwa bolti na nati.

Springi za lori, yale majani ya chuma yaliyopangwa juu kwa juu, zina kaboni nyingi kuliko chuma laini. Mafungu yake hubanwa kwa klampu kabla ya kufungua bolti ya katikati, maana yamebeba mkazo. Fundi anayejaribu kulitoboa jani la springi moja kwa moja huunguza ncha za drili bure. Sehemu ya kutobolewa hupashwa moto hadi iwe nyekundu, kisha jani hufukiwa kwenye majivu makavu hadi kesho yake, lipoe polepole na kulainika. Jani lililofanyiwa hivyo halirudishwi tena kwenye gari lolote. Mpindo wake wa asili hufaa kuwa mguu wa benchi au mkono wa kiti.

Boneti, milango na mlango wa nyuma wa bodi ni mabati mapana yanayofaa kwa ukuta. Mara nyingi hubeba rangi ya kwanza ya gari, jina la mwenye mali, au msemo ulioandikwa na mchoraji wa mtaani. Hapa afya na urembo hukubaliana. Rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, huweza kuwa na risasi, na msasa mkavu huigeuza kuwa vumbi la sumu. Fundi mwenye busara huosha bati kwa maji ya sabuni, huondoa kutu iliyolegea kwa brashi ya waya na maji, hulikausha, kisha hupaka vanishi isiyo na rangi. Maandishi hubaki, na rangi yenye sumu haigeuki vumbi.

Kazi ya mfano: meza ya rimu

Rimu ya lori ya inchi 20 ina kipenyo cha karibu sentimita 51, lakini ikilazwa huwa fupi mno kwa meza ya sebuleni. Kwa hiyo huongezewa miguu mitatu ya bomba ili uso wa meza ufike kimo cha sentimita 45 hivi. Miguu mitatu husimama imara hata kwenye sakafu isiyo sawa, ilhali minne huyumba.

Rimu husafishwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha hufutwa kwa tina ili mafuta yaondoke. Miguu huchomelewa kwanza kwa nukta ndogo, meza husimamishwa na kupimwa, ndipo mshono kamili huwekwa. Rangi ya msingi ya kuzuia kutu hutangulia rangi ya mwisho. Juu huwekwa kioo cha usalama cha milimita 10 chenye kipenyo cha sentimita 70, kingo zake zikiwa zimesagwa, na chini yake vipande vya mpira ili kisiteleze.

Kwa mapambo ya ukutani, hesabu ya uzito hutangulia. Bati la chuma lenye unene wa milimita 1 na ukubwa wa mita 1 ya mraba lina uzito unaokaribia kilo 8. Boneti nzima ya lori pamoja na fremu yake huzidi hapo kwa mbali. Haitundikwi kwa misumari kwenye ukuta wa udongo. Huhitaji bolti zilizozama kwenye tofali la saruji au nguzo ya zege, tena zisizopungua nne.

Hesabu inayosahaulika

Vikundi vingi hufa wakati kazi yao ni nzuri. Chukuliwe mfano wa hesabu ya meza moja: rimu shilingi 50,000, kioo 70,000, rangi na tina 18,000, vijiti vya kuchomelea na diski za grenda 15,000, umeme na usafiri 12,000. Jumla ni shilingi 165,000. Meza ikiuzwa kwa 180,000, wanakikundi hugawana shilingi 15,000 na kuamini wamepata faida. Lakini fundi mmoja alifanya kazi siku mbili. Ikiwa ujira wa siku ni shilingi 15,000, gharama halisi ni 195,000, na kikundi kimepata hasara ya shilingi 15,000. Meza kumi za namna hiyo humaliza mtaji, na kama mtaji huo ulikopwa, deni hubaki. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Asili ya chuma

Soko la vyuma chakavu huvutia pia mali ya wizi. Alama za barabarani, kingo za chuma za madaraja na vifaa vya reli vimeng'olewa mahali pengi na kuuzwa kwa kilo. Daraja lisilo na kingo huua msafiri wa usiku, naye anaweza kuwa ndugu wa aliyenunua chuma chake.

Kikundi kijiwekee kanuni ya kutonunua kipande chochote bila stakabadhi yenye jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho chake, tarehe, na namba za usajili na chasisi za gari kilikotoka. Kipande chenye namba ya chasisi kisikatwe wala namba hiyo kufutwa kabla umiliki haujathibitishwa. Muuzaji anayekataa kuandikisha jina lake aachwe aende na chuma chake. Chanzo kingine kilicho wazi ni minada ya hadhara, ambako mnunuzi hupewa hati.

Huduma zinazopatikana

Kikundi chenye stakabadhi na daftari huwa kimekwisha kujiandaa kwa huduma za umma. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuonwa kwanza kuhusu usajili wa kikundi na taratibu za maombi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hutoa ushauri na mafunzo kwa wajasiriamali. VETA hufundisha uchomeleaji, na ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Ni vipande vipi vya lori visivyopaswa kupashwa moto, na sababu ya kila kimoja ni ipi?
2. Kwa nini dramu ya breki hufungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa?
3. Kwa kutumia hesabu ya meza iliyotolewa hapo juu, kikundi kiuze kwa bei gani ili kipate faida ya shilingi 40,000 baada ya ujira wa fundi kulipwa?
4. Mtu ameleta mabomba mazito ya chuma usiku, kwa bei nafuu mno, naye hataki kuandikisha jina lake. Kikundi kifanye nini, na kimwarifu nani?