Sikio Linapomdanganya Rubani: Fizikia ya Mafunzo ya Urubani

Mtu akiulizwa ni kitu gani kinachomfanya rubani awe rubani bora, aghalabu hujibu kuwa ni macho makali, mikono isiyotetemeka na moyo wa ujasiri. Sifa hizo zinafaa, lakini hazitoshi. Rubani aliyejaliwa zote anaweza kuingia katika wingu zito na kuiangusha ndege isiyo na kasoro yoyote, ikiwa hakufunzwa kuongoza kwa kufuata vipimio peke yake.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilichunguza jambo hili. Waliwachukua watu 20 waliojua kurusha ndege lakini hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa vipimio, wakawaweka katika hali ya kutoona nje, kama kwamba wameingia mawinguni. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Aliyeshindwa mapema alidumu kwa sekunde 20. Aliyedumu sana alifikisha sekunde 480. Wastani wao ulikuwa sekunde 178, yaani muda usiotimia dakika 3.

Kwa nini iwe hivyo? Katika makala haya tutaeleza sababu yake, kisha tutaona jinsi sababu hiyo hiyo inavyotumiwa katika kuwafunza marubani bila ya kuondoka ardhini. Fizikia inayohitajika haizidi ile ya shule ya sekondari.

Kipimio kilichomo kichwani

Sikio la ndani, lililofichwa katika mfupa wa kichwa, lina kazi mbili. Ya kwanza ni kusikia. Ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kuuarifu ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka na kinavyoinama.

Kazi hiyo ya pili hufanywa kwanza na mifereji 3 yenye umbo la nusu duara, iliyojaa umajimaji. Kila mfereji umekaa takriban kwa pembemraba na wenzake, mfano wa mahali ambapo kuta mbili za chumba hukutana na sakafu. Kichwa kinapoanza kugeuka, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini umajimaji uliomo hubaki nyuma kwa sababu ya inesha. Tofauti hiyo ya mwendo huvipinda vinyweleo vya neva, navyo huupelekea ubongo habari kwamba kichwa kinageuka.

Karibu na mifereji hiyo mna vifuko viwili. Katika kila kimoja mna utando laini mithili ya ute, na juu ya utando huo vimetandazwa vijiwe vidogo mno vya kaboneti ya kalsiamu, ambayo ndiyo kemikali iliyomo katika mawe ya chokaa na makombe ya pwani. Ukiinamisha kichwa nyuma, uzito wa vijiwe huuvuta utando upande wa nyuma, nawe hutambua kuwa umeinama hata kama umefumba macho.

Ardhini, kwa mtu anayetembea na kukimbia kwa miguu yake, vyombo hivi hufanya kazi kwa usahihi wa kustaajabisha. Angani mambo hubadilika.

Udanganyifu wa kwanza: mgeuko wa polepole

Umajimaji wa sikio hautambui mwendo wa mzunguko. Hutambua mabadiliko ya mwendo huo tu. Mzunguko ukiendelea kwa kasi ile ile, baada ya sekunde 10 hadi 20 umajimaji huwa umeufikia mwendo wa mfereji wake, vinyweleo husimama wima tena, na ubongo huarifiwa kuwa hakuna mzunguko. Mzunguko ukikoma ghafla, umajimaji huendelea mbele, na mtu huhisi kuwa anazunguka upande wa kinyume. Aidha, mgeuko ulio wa polepole sana, wa nyuzi kama 2 au chini yake kwa kila sekunde, haupindi vinyweleo kiasi cha kutambulika.

Sasa tuifikirie ndege iliyo ndani ya wingu, ambayo bawa lake la kulia linashuka kidogo kidogo. Rubani hahisi kitu. Ndege iliyolala upande huanza kugeuka, na katika mgeuko uliosawazishwa vizuri jumla ya kani ya mvutano na kani inayotokana na mgeuko huelekea moja kwa moja kwenye sakafu ya ndege. Timazi iliyotundikwa ndani ya ndege hiyo ingesimama sawasawa na ukuta wake, na maji ya gilasi yasingemwagika. Kwa hiyo hata mgongo na makalio ya rubani humwambia kuwa amekaa wima. Wakati huo pua ya ndege inashuka na mwendo unaongezeka. Rubani anapoona kimo kinapungua huvuta usukani ili ainue pua, na kwa kuwa ndege imelala upande, kuvuta huko huzidi kuukaza mzunguko. Ndege hushuka kama parafujo hadi chini.

Jambo hili si nadharia tupu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya shirika la Kenya Airways, safari namba 507, iliondoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi. Iliinuka katika giza tupu, na muda mfupi baadaye ikaanguka katika vinamasi vya mikoko karibu na mji huo. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Taarifa ya uchunguzi ilieleza kuwa ndege ililala upande wa kulia polepole mno, pasipo rubani kutambua na pasipo vipimio kuangaliwa, hadi ilipopita nyuzi 30. Na kwamba alipotanabahi hakuweza tena kujua amekaa vipi angani. Hatulikumbushi tukio hili kwa kuwalaumu marehemu. Sikio lililowadanganya ni sawa na hili tulilo nalo sote.

Udanganyifu wa pili: mchapuko na mwinamo

Vile vijiwe vya sikio navyo vina upungufu wao. Basi linapoondoka kituoni, timazi iliyotundikwa ndani yake huelekea nyuma. Mtu asiyeona nje angeweza kudhani kuwa basi limesimama mlimani, pua juu. Vijiwe vya sikio hupotoka vivyo hivyo, kwa sababu hakuna kipimio cha aina hiyo kinachoweza kutenganisha mchapuko na mwinamo. Mwaka 1907 Albert Einstein alilifanya wazo hili, kwamba athari ya mchapuko na athari ya mvutano ni sawa, kuwa msingi wa fikra zake mpya juu ya mvutano.

Tufanye hesabu. Ndege ya abiria inayokimbia kwenye njia ya kurukia huwa na mchapuko wa kama mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Mchapuko wa mvutano ni 9.8. Tanjenti ya pembe ambayo timazi huelekea nyuma ni 2 ÷ 9.8, yaani 0.204, pembe yenyewe ni nyuzi 11.5 hivi. Gizani, rubani wa ndege inayoongeza mwendo ataona kana kwamba pua imeinuka kwa kiasi hicho zaidi ya ilivyo kweli. Asipojihadhari, ataisukuma chini.

Tarehe 23 Agosti 2000 ndege ya Gulf Air, safari namba 072 kutoka Cairo, ilikuwa ikijaribu kutua Bahrain usiku. Marubani waliacha kutua, wakaongeza nguvu za injini ili wapande tena juu ya bahari iliyokuwa na giza. Ndege iliongeza mwendo, rubani akashusha pua, ikaingia baharini. Walikufa watu 143. Wachunguzi walieleza kuwa yumkini rubani alidhani pua imeinuka mno.

Mchana, macho huyasahihisha makosa haya kwa kuutazama upeo. Upeo usipoonekana, hapana budi macho yahamie kwenye upeo bandia, kipimio kinachoonyesha jinsi ndege ilivyokaa kuhusiana na dunia, na rubani akiamini hicho hata mwili wake wote ukipinga. Mnamo tarehe 24 Septemba 1929 James Doolittle, rubani aliyekuwa pia na shahada ya udaktari katika uhandisi wa ndege, aliruka na kutua huko New York akiwa amefunikwa asione nje kabisa. Hapo ilithibitika kuwa vipimio vinatosha. Tatizo lililobaki lilikuwa la ualimu: utamfunzaje mtu kutouamini mwili wake?

Mivukuto ya kinanda

Jibu lilitoka katika karakana ya vinanda. Edwin Link wa Binghamton, New York, alikuwa fundi katika kiwanda cha baba yake kilichotengeneza vinanda vinavyopigwa kwa nguvu za hewa. Mnamo mwaka 1929 alikamilisha kijindege kidogo cha kujifunzia, kilichokalia mivukuto ya aina ile ile inayotumika katika vinanda. Mwanafunzi alipousogeza usukani, hewa iliingia au kutoka katika mivukuto, na kijindege kikainama, kikalala upande au kikageuka. Baadaye kilifunikwa juu, mwanafunzi akabaki na vipimio vyake tu.

Mwanzoni wengi walikiona kuwa kitu cha kuchezea. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kupeleka barua kwa ndege. Marubani wake, ambao wengi hawakuzoea kuruka usiku na katika hali mbaya ya hewa, walianza kufa mmoja baada ya mwingine. Katika muda wa miezi michache walikufa zaidi ya 10. Ndipo jeshi liliponunua vijindege 6 vya Link. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya vyombo hivyo vilitumika kuwafunza wanahewa wa nchi nyingi.

Simuleta ya leo

Chombo cha namna hii sasa huitwa simuleta. Ile iliyo kamili ni chumba cha rubani chenye kila swichi ya ndege halisi, kilichobebwa na miguu 6 inayoweza kurefuka na kufupika. Muundo huo ulielezwa na mhandisi D. Stewart mwaka 1965. Miguu 6 ni idadi inayotosha kukipa chumba aina zote 6 za mwendo: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, pamoja na migeuko ya aina 3.

Msomaji makini atauliza: miguu hiyo ina urefu wa mita chache tu, basi yawezekanaje kuiga ndege inayokimbia kilomita 2 au 3 kabla ya kuruka? Jibu ni kwamba simuleta humdanganya rubani kwa hila ile ile iliyomdanganya angani. Kwanza chumba husukumwa mbele kidogo. Kisha huinamishwa nyuma taratibu, kwa kasi ndogo isiyotambuliwa na mifereji ya sikio, hadi kufikia pembe inayohitajika. Picha zilizo mbele ya madirisha huendelea kuonyesha njia iliyo tambarare. Vijiwe vya sikio vinasema, "Kuna kani nyuma"; macho yanasema, "Hatujainama"; ubongo unakata shauri kwamba ndege inaongeza mwendo.

Kwa hiyo kile kinachoua gizani ndicho kinachofundisha darasani. Ndani ya simuleta injini huweza kuwashwa moto na ukungu kuteremshwa. Rubani akikosea, mwalimu hubonyeza kitufe na somo likaanza upya.

Hata hivyo, simuleta ina mipaka yake. Ndege inayogeuka ikiwa imelala nyuzi 60 humfanya rubani ahisi uzito wake umekuwa maradufu kwa muda wote wa mgeuko. Simuleta ya miguu haiwezi kufanya hivyo, kwani imesimama ardhini. Wala hakuna mashine inayoweza kuiga kikamilifu hali ya mtu ajuaye kwamba kosa halitafutwa.

Ngazi za mafunzo

Kwa sababu hiyo mafunzo huchanganya vyote viwili. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zinataka kwa kawaida angalau saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, saa 200 kwa leseni ya biashara (au 150 katika kozi maalumu iliyoidhinishwa), na saa 1,500 kwa leseni ya juu ya rubani wa mashirika. Sehemu ya saa hizo huweza kufanywa katika simuleta. Katika Afrika Mashariki, chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Hata rubani aliyekwisha kupata leseni ya juu hurudi katika simuleta mara kwa mara kupimwa, kwani mwili hausahau tabia yake ya asili. Imani katika vipimio haina budi kufanyiwa mazoezi katika maisha yote ya kazi.

Majaribio na maswali

1. Tia maji katika bakuli la duara, nyunyiza juu vumbi la chaki, kisha lizungushe bakuli juu ya meza. Angalia vumbi wakati wa kuanza, baada ya muda, na unapolisimamisha bakuli ghafla. Linganisha na umajimaji wa sikio.

2. Mketishe mwenzako, akiwa amefumba macho, katika kiti kinachozunguka. Mzungushe kwa kasi moja, taratibu, pasipo kelele, kisha msimamishe. Kila wakati aonyeshe kwa kidole upande anaodhani anazunguka. Mwingine asimame karibu asije akaanguka.

3. Ndege inalala upande kwa kasi ya nyuzi 1 kwa kila sekunde. Itakuwa imelala kiasi gani baada ya nusu dakika? Je, mifereji ya sikio itatambua?

4. Simuleta inataka kuiga ndege inayofunga breki, ikipunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde kwa sekunde. Iinamishwe upande gani, na kwa pembe gani?

Majibu: (3) nyuzi 30, haitatambua. (4) Mbele, nyuzi 17 hivi.