Tumfundishe Kijana Kupima Maneno ya Chuki Mtandaoni



Katika milima yetu ya Usambara, Wasambaa, Wapare na Wambugu, Waislamu kwa Wakristo, huuziana mazao katika gulio moja na kuzikana. Hata hivyo, kijana mwenye simu janja hukutana na maneno ya kuwadhalilisha watu wa kabila au dini nyingine, mara nyingi yakiwa yamevikwa vazi la mzaha. Kumnyang'anya simu hakutoshi, kwani ataazima ya mwenzake. Kinachodumu ni uwezo wa kupima anachokiona.

Historia ya jirani zetu ni funzo. Nchini Rwanda, redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwavutia vijana kwa muziki na vichekesho, huku ikiwaita Watutsi "mende". Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilitaja hata majina ya watu wa kuwindwa. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waasisi 2 wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu, lakini wote 3 walibaki na hatia. Mtu akishaitwa mdudu, kumdhuru huonekana jambo jepesi.

Mzazi, mlezi au mwalimu asome ujumbe wa namna hiyo pamoja na kijana, bila ukali, wakiulizana:

1. Nani ameuandika, naye anafaidika nini nikikasirika? Maudhui yanayoamsha hasira hujibiwa sana, na mitandao huyasukuma kwa watu wengi zaidi.

2. Ushahidi uko wapi? "Lisemwalo lipo" ni msemo, si uthibitisho. Picha ya zamani, au ya nchi nyingine, huweza kupewa maelezo mapya.

3. Je, kosa la mtu mmoja limebandikwa kabila zima au dini nzima?

4. Nikiweka jina la ukoo wangu mahali pa jina lililotukanwa, bado nitacheka?

Kijana ajibu kwanza, mkubwa asikilize. Anayekaripiwa kabla ya kumaliza kusema, kesho ataficha.

Akipokea ujumbe wa chuki, asiusambaze hata kwa nia ya kuulaani. Auhifadhi na kumwonyesha mtu mzima anayemwamini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza maudhui yanayochochea chuki kwa misingi ya rangi, kabila au dini.

Mtoto anayetukanwa au kutishiwa mtandaoni asaidiwe mapema: mwone Afisa Ustawi wa Jamii, fika Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au piga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.