Fasihi Simulizi: Wimbo wa Aliyebaki Ruiru

Soma wimbo ufuatao kisha ufuate maelezo. Nimeutunga kwa ajili ya zoezi hili, kwa hivyo usiutafute vitabuni.

Garimoshi la Thika lipitapo Ruiru,
Kahawa naiacha tawini, nachungulia madirishani.
Wewe uliyevikwa kaki, bado wafunzwa gwaride?
Mimi hapa nilijifunza kungoja bila mwalimu.

Karani, andika: mbuzi amezaa.
Andika: mvua imenyesha, paa halivuji.
Andika: mama yako anakusalimu.
Hilo lingine usiandike, atalisoma mwenyewe.

Mwenye kaki, mwenye kaki,
Bahari uliyovuka ina kivuko cha kurudi?

Muktadha
Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945), vijana wengi wa Kenya waliingia katika kikosi cha King's African Rifles. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivushwa bahari mwaka wa 1943 hadi Ceylon, siku hizi Sri Lanka, ikafanya mazoezi huko kabla ya kupigana Burma mwaka wa 1944. Waliobaki nyumbani wengi hawakujua kuandika, wakawategemea makarani. Jeshi nalo lilikuwa na wakaguzi wa barua. Askari asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake. Hebu fikiria kumwambia mpenzi wako neno la ndani huku watu watatu wakisikiliza! Kumbuka hali hiyo unapojibu swali la (b).

(a) Bainisha kipera cha wimbo huu. (alama 2)
Watahiniwa wengi wakiona kaki na gwaride hukimbilia "wimbo wa kijeshi". Sivyo. Anayeimba si askari. Huu ni wimbo wa mapenzi: nafsineni ni mwanamke anayemtamani mpenzi aliye mbali. Anayejibu "wawe" kwa sababu ya kahawa ameona shamba tu. Wimbo hauchapuzi kazi, tena mwimbaji ameiacha kazi. Kutaja ni alama moja, kuthibitisha ni nyingine.

(b) Nafsineni anadumishaje uhusiano wake na mpenziwe? (alama 4)
Hoja tatu ni rahisi. Anamtumia barua ingawa hajui kuandika. Anamhakikishia kwamba boma aliloliacha lingali imara (paa halivuji). Anakaa karibu na mamake, ndiyo maana ana salamu za kumfikishia.

Hoja ya nne imo katika mshororo wa nane, na hapo ndipo mtahiniwa hodari hujitenga na wengine. "Hilo lingine" ni lipi? Nilipowapa wanafunzi wangu wimbo huu, mmoja aliandika kwamba mwanamke amepata mwanamume mwingine. Alikosa alama: hakuna neno wimboni linalomuunga mkono, na anayemtunzia mtu paa na mama hajamwacha. Mwingine alisema mbuzi aliyezaa ni jazanda ya mtoto aliyezaliwa, habari ambayo karani hakupaswa kuijua. Nakiri kwamba nilipotunga sikuwa na mtoto akilini. Nilimpa alama hata hivyo, kwa sababu aliuoanisha mshororo wa tano na wa nane. Jibu la kawaida linatosha pia: anaficha mapenzi yake nyuma ya habari za kawaida, akiamini mpenziwe atamwelewa bila kuambiwa. Usiseme tu "anatumia mafumbo"; eleza anamficha nani.

(c) Taja mbinu mbili za kimtindo. (alama 2)
Takriri (andika, andika) na swali la balagha katika mshororo wa mwisho. Ulinganuzi katika mishororo ya tatu na nne unakubalika: mmoja anafunzwa vita, mwingine amejifunza kungoja.

Zoezi
Askari amesomewa barua hii kambini Ceylon, wenzake wakiwa wamemzunguka. Tunga ubeti mmoja wa jibu lake, wenye angalau jambo moja ambalo msomaji wa barua hatalielewa. (alama 4)