SOMO: MGONGO ULIOPINDA MIAKA 18

Kusoma: Luka 13:10-17, Mwanzo 32:22-32, 2 Samweli 9

Somo hili ni juu ya wale ambao mgongo unawauma miezi na miaka, hata kuinama, kupiga magoti na kutembea kumekuwa taabu. Hapa Lubumbashi wako wengi. Ni wababa waliofanya kazi ya shaba miaka mingi, vijana wanaochimba kwa mikono na kubeba mifuko ya mawe, wale wanaosukuma kinga zilizojaa makala, na wamama wanaobeba bido la maji kichwani na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno. Basi si ugonjwa wa ukoo mmoja uliolaaniwa.

Tumwangalie yule mama wa Luka 13. Alikuwa amepinda miaka 18, hakuweza kujinyosha. Yesu alimkuta wapi? Katika sinagogi, siku ya sabato. Mgongo umepinda, naye amekuja kusali. Wengine watasema: lakini imeandikwa kwamba Shetani ndiye alimfunga. Ni kweli, imeandikwa. Lakini tusome vizuri. Yesu hakumwuliza dhambi zake, hakutafuta mlozi katika jamaa yake, hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimwita binti wa Abrahamu mbele ya watu wote. Aliyekemewa siku ile si mgonjwa. Ni mkubwa wa sinagogi.

Tunasema haya kwa sababu tunajua mambo yanayotokea kwetu. Mgonjwa anaombewa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipopona, maneno yanaanza: ameficha kitu, au yule bibi mzee wa nyumbani kwake ndiye anayemfunga. Mgonjwa akisikia anaacha kuja kusali. Bibi mzee naye anafukuzwa. Ugonjwa ulikuwa wa mtu mmoja, sasa wanaolia ni wawili.

Yakobo alibarikiwa Penieli, akaondoka pale akichechemea. Waebrania 11:21 inatuonyesha mwisho wake: anaabudu, ameegemea fimbo. Mefiboshethi alianguka akiwa mtoto wa miaka 5, yaya wake akikimbia naye. Daudi alimweka mezani pa mfalme sikuzote, na mlango wa 9 unamalizika kwa kutukumbusha kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Baraka ilikuja, miguu ikabaki vilevile. Sisi tunaoamini uponyaji tusiiruke mistari hii.

Sasa tuje kwa mwili. Zamani waganga wa hospitali walimwambia mtu wa mgongo alale kitandani siku nyingi. Leo wanajua kwamba kulala hivyo kunadhoofisha nyama za mgongo. Mwezi wa 12 mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu: mgonjwa afundishwe ugonjwa wake na afanye mazoezi, mkanda wa kiuno na kuvutwa mgongo si vya kutegemea, dawa za jamii ya morfini zisitumiwe. Tramadoli inayouzwa barabarani ni ya jamii hiyo. Hata vidonge vingine vya maumivu, vikimezwa kila siku bila munganga, vinaweza kuchoma tumbo na kuharibu figo. Afadhali kutembea kidogo kidogo kila asubuhi. Ukiinua kitu, kunja magoti, kikae karibu na kifua. Bido la lita 20 ni kilo 20; chota 10 mara mbili.

Lakini kuna mgongo usioweza kungoja kesha. Mtu akiwa na homa, jasho la usiku, anakonda, na mgongo unaanza kutoa nundu, inaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo. Unaitwa ugonjwa wa Pott, kwa jina la mpasuaji wa London aliyeuandika mwaka 1779. Wengi wetu nundu hiyo tunaiita ulozi. Dawa zake serikali inazitoa bure, na zikianzwa mapema zinaweza kuzuia miguu isipooze. Vilevile mtu akifa ganzi katikati ya mapaja, akishindwa kuzuia mkojo, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nabii anaweza kumwombea njiani.

Katika ibada, asiyeweza kupiga magoti akae kwenye kiti, mahali pake pa sikuzote, wala asiwekwe nyuma kama mgeni. Mungu anamsikia aliyeketi. Na sisi mashemasi tunaotembelea nyumba, tusiishie sebuleni. Tuulize pia habari za choo. Wako wanaojinyima chakula na maji kwa sababu kuchuchumaa kunawashinda, na wanaona haya kusema. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, seremala wa mtaa anaweza kukitengeneza.

Wale watu wanne wa Marko 2 hawakumhubiria aliyepooza. Walimbeba, na paa wakalitoboa. Kwetu pikipiki inamrusha mgonjwa kwenye mashimo na kumwongezea maumivu. Anayekaa mbali na kanisa aletwe kwa pusupusu yenye godoro, vijana wanne wakipokezana kusukuma.