Dondoo muhimu: Kurudi kazini mwili ukiwa bado mzito

Homa ya malaria ikishuka, usikimbilie kazini. Maliza kwanza dawa mseto, siku zote 3, hata ukijiona mzima. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ila mwajiri halazimiki kulipa bila cheti cha daktari, kwa hiyo usitoke hospitali bila hicho.

Ukisharudi, omba kazi nyepesi. Mchana toka nje kidogo, upate hewa.

Walio Mbeya na Njombe wana bahati kubwa: nguvu zikirejea, nendeni Kitulo, hifadhi ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili nyasi zake hujaa maua, okidi zikiwemo. Chuchumaa uzitazame kwa karibu. Nyingine zina vidoa ambavyo aliyesimama havioni. Tafadhali usizichimbe, viazi vyake vimeng'olewa mno kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda. Vaa sweta zito, tembea polepole: mwinuko wa mita 2,600 huchosha hata mwenye afya.