Spika za Kuhariria Darsa

Ramadhani iliyopita nilihariri darsa zetu kwa sabufa ya chumbani. Sabufa huvimbisha besi na kufunika sauti kali, basi nikaziongeza hizo kali. Kwangu ilipendeza, kwenye simu zenu kila sini na swadi ikapiga mluzi. Nami ndiye nasomea tajwidi!

Spika za studio hazipambi sauti. Kwa chumba cha hosteli, PreSonus Eris E3.5 yenye inchi 3.5 inatosha, Yamaha HS5, ya inchi 5, ina bei ya wenye mishahara. Zisibanwe ukutani, besi itazidi. Ziwe usawa wa masikio, nawe mkae pembetatu, pande sawa. Huna fedha? Tumia hedifoni, kisha sikiliza kwenye simu ya jirani kabla ya kutuma.